Kuchapa fulana za poliesta kwa sablimesheni: mwongozo kwa mafundi wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari ana mashine ya presi, yaani ile inayobana kitambaa kwa sahani ya moto, printa na wino wa sablimesheni, lakini fulana zake zinatoka na mabaka, na kivuli cha rangi pembeni mwa maandishi, au na mstari wa mraba uliojichora kuzunguka picha. Maelekezo mengi yanayopatikana yameandikwa na watu wanaofanya kazi katika vyumba vikavu. Sisi tupo visiwani, ambako hewa hubeba maji mwaka mzima na huzidi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa hiyo nitaurudia unyevu karibu katika kila hatua, kwa kuwa kwa maoni yangu ndio unaoharibu kazi nyingi ambazo lawama yake hutupiwa mashine.

Kwanza ieleweke kazi yenyewe inavyofanyika. Picha huchapwa kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi hiyo hubanwa juu ya fulana kwa presi ili rangi ihamie kwenye kitambaa. Rangi iliyomo katika wino huu, ikipata joto la kiasi cha nyuzi 190 hadi 200 za Selsiasi, hutoka katika hali ya ugumu na kuwa gesi moja kwa moja, bila ya kupita katika hali ya majimaji. Kwa joto hilohilo nyuzi za poliesta hulegea na kuipokea gesi ndani yake, na zinapopoa hujifunga na kuibakisha humo. Ndiyo sababu fulana iliyochapwa vizuri haina ngozi ya rangi unayoweza kuigusa juu ya kitambaa, wala picha yake haipasuki inapofuliwa. Ndiyo sababu vilevile pamba haifai: haina pa kuihifadhi rangi hiyo, na mfuo wa mwanzo tu huichukua sehemu kubwa.

Hatua ya kwanza: kuipima fulana

Chagua fulana nyeupe, au yenye rangi hafifu sana, ya poliesta tupu. Wino wa sablimesheni hauna rangi nyeupe, na kila unachokichapa huchanganyika na rangi ya kitambaa kilicho chini yake, hivyo nembo ya buluu juu ya jezi ya njano itakuwa ya kijani, na juu ya jezi nyeusi haitaonekana kabisa. Kitambaa cha mchanganyiko, kwa mfano poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35, hukubali rangi kwa ile sehemu ya poliesta peke yake, na picha hutoka kama iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Wapo wateja wanaoupenda mwonekano huo, lakini ni vyema waambiwe kabla, si baada.

Lebo ya shingoni haitoshi kuaminiwa, hasa kwa fulana zinazonunuliwa kwa mafungu. Chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, ushike kwa kibano, uusogeze kwenye moto wa kibiriti na utazame ncha yake. Uzi wa poliesta hujikunja na kuukimbia moto, huyeyuka, kisha huacha kichembe cheusi kigumu ambacho hakivunjiki kirahisi kwa kucha. Uzi wa pamba huwaka kwa mwale wa njano, hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu laini linalopeperuka. Ukiyaona yote mawili kwa pamoja, yaani kichembe kigumu chenye jivu juu yake, hicho ni kitambaa cha mchanganyiko.

Hatua ya pili: kuchapa kwenye karatasi

Printa inayofaa ni ile isiyochemsha wino kichwani mwake. Mafundi wengi hutumia Epson kwa sababu vichwa vyake husukuma wino kwa mtikisiko na si kwa joto. Printa nyingi za nyumbani za HP na Canon huutoa wino kwa kuupasha moto, na hazikutengenezwa kwa kazi hii. Wino wa sablimesheni usichanganywe na wino wa kawaida katika tangi moja.

Geuza picha iwe kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, kabla ya kuituma kwenye printa. Jina la skuli au la timu likichapwa bila ya kugeuzwa halina dawa, fulana hiyo ni ya kuvaliwa nyumbani. Hakikisha pia kwamba wino unaangukia upande wa karatasi uliopakwa dawa, ambao kwa kawaida ndio mweupe zaidi. Usishtuke ukiona rangi zimefifia kwenye karatasi, nyeusi ikafanana na kijivu na nyekundu ikaelekea kahawia, kwa sababu rangi halisi huzaliwa kwenye joto. Asiyelijua hili huongeza wino, na wino ukizidi karatasi hulowa na mistari myembamba huvimba.

Hatua ya tatu: kukausha

Hapa ndipo penye kazi. Karatasi ya sablimesheni hunyonya maji ya hewani, na ikiachwa wazi juu ya meza usiku mmoja wa masika, asubuhi huwa imejikunja kingo na imelegea mkononi. Ukiibana hivyo, maji yaliyomo hugeuka mvuke ghafla, mvuke huisukuma rangi isifuate mipaka yake, na matokeo ni mabaka katika sehemu zenye rangi nzito na ukungu wa rangi nje ya herufi. Weka karatasi zako katika mfuko wa plastiki unaofungika, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na utoe zile unazozihitaji kwa kazi ya muda huo tu. Wakati wa kusi, tokea Juni, kazi huwa nyepesi, lakini tabia ya kufunga mfuko isiachwe.

Karatasi iliyokwisha kuchapwa iachwe ilale kwa dakika chache hadi wino usinate kwenye kidole. Hewa ikiwa nzito, iweke chini ya sahani ya moto iliyo wazi, bila ya kuigusa, kwa sekunde kadhaa, kisha iondoe.

Fulana nayo ikaushwe. Itandaze kwenye presi, funika kwa karatasi safi, na ubane kwa sekunde 5 hadi 10. Ukifungua utauona mvuke ukipanda, na pengine karatasi ya kufunikia itakuwa imelowa. Irudie fulana hiyo mpaka mvuke ukatike, kisha iache ipoe kidogo. Mteja aliyesimama mlangoni na haraka zake za mashindano ya Kombe la Mapinduzi asikufanye uiruke hatua hii.

Hatua ya nne: mashine na umeme

Umeme wetu ni wa volti 230, na presi ya sahani ya sentimita 38 kwa 38 kwa kawaida hula wati 1,400 hadi 1,800, yaani kiasi cha ampia 6 hadi 8. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni nyembamba hupata moto na huweza kuyeyuka, na friji au pasi ikiwa kwenye laini hiyo hiyo, umeme hupungua nguvu na sahani huchelewa kurudi kwenye joto lake baada ya kila fulana. Subiri namba ya joto kwenye presi ifike tena kwenye kipimo ulichokiweka ndipo ubane nyingine.

Namba hiyo yenyewe isiaminiwe kwa macho mawili, kwa kuwa huonesha joto la pale kilipo kihisio, na pembe za sahani mara nyingi huwa na joto la chini kuliko katikati. Ukiwa na kipimajoto cha mkono, pima pembe zote nne. Usipokuwa nacho, chapa mraba wa rangi nyeusi moja kwenye kitambaa chakavu cha poliesta ukubwa wa sahani nzima na utazame wapi weusi umefifia. Feni ya chumbani isielekezwe kwenye mashine: hupoza kingo za sahani na hupeperusha vumbi.

Hatua ya tano: kupanga na kubana

Weka nyuzi 195 hadi 200 kwa sekunde 45 hadi 60. Kwa vitambaa vyepesi vya jezi anzia 190 kwa sekunde 45. Mkandamizo uwe wa wastani, mkono ufunge bila ya kulazimisha.

Ingiza karatasi safi ndani ya fulana, kwa kuwa gesi hupenya kitambaa na kuuchafua mgongo. Pitisha rola ya kunasia nyuzi juu ya eneo la picha lote, hata kama unaliona safi, maana uzi mmoja mwembamba usioonekana kwa macho huacha alama ya buluu isiyofutika. Weka picha uso chini, uishike kwa tepu inayostahimili joto pande mbili, kisha ufunike kwa karatasi nyingine safi, na karatasi iliyokwisha kuingiwa na rangi usiitumie tena kwa fulana ya pili.

Ule mstari wa mraba unatokana na ukingo wa karatasi kukandamizwa ndani ya kitambaa. Chana kingo za karatasi kwa mkono badala ya kuzikata kwa mkasi, ili zisiwe na ncha kali, na upunguze mkandamizo kidogo. Mashono na vifungo navyo visikae juu ya sahani ya chini.

Muda ukiisha, fungua taratibu, shika pembe moja ya karatasi na uibandue kwa mwendo mmoja ingali moto. Ikitelezea kando kabla ya kutoka, gesi iliyosalia huchapa picha ya pili hafifu pembeni mwa ya kwanza, na hicho ndicho kile kivuli wanachokilalamikia wengi. Acha dirisha wazi, mvuke huu si wa kuvutwa siku nzima.

Kuisoma fulana iliyotoka

Rangi zikiwa hafifu kwa usawa, joto au muda haukutosha. Nyeusi ikielekea kahawia, au kitambaa cheupe kikigeuka njano na kung'aa, umezidisha; shusha nyuzi 5 kwanza kabla ya kugusa muda. Picha ikiwa hafifu pembe moja tu, tatizo ni sahani au mkandamizo usio sawa. Mabaka yasiyo na mpangilio ni unyevu, na hapo usibadilishe namba yoyote, rudi kwenye hatua ya tatu.

Fulana zipoe moja moja kabla ya kurundikwa, kwa sababu zikiwa bado na moto rangi huweza kuhamia kwenye fulana iliyo juu yake. Na mteja aambiwe asiipitishe pasi ya moto mkali juu ya picha. Akitaka kunyoosha, aigeuze ndani nje, na pasi iwe ya joto la chini.