Somo: Kufundisha ufupisho bila mtoto kukopi kifungu

Walimu wenzangu na wazazi, habari za jioni. Wiki jana niliahidi nitaandika venye mimi hufundisha ufupisho, leo nimemaliza kusahihisha mapema kwa hivyo wacha niweke yote hapa. Niko Kisumu, nafundisha Kiswahili shule ya sekondari, na hii mada iko karibu na roho yangu juu kwa karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) ufupisho peke yake ni alama 15, sawa kabisa na ufahamu, na bado ndio mahali mtoto anayejua kuongea Kiswahili vizuri anatoka na alama tatu.

Jumatatu baada ya Mashemeji (mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, ndio Ingwe) ingia darasa lolote huku kwetu kabla ya kengele usikilize tu. Kuna kijana stima ilipotea kwao hakuona mechi, anauliza "ilikuaje?" na mwenzake anamjibu "Ingwe walitangulia, tukasawazisha kabla ya hafu taimu, alafu wakala kadi nyekundu na tukamaliza kazi dakika za mwisho." Basi. Dakika tisini amezimaliza kwa pumzi moja, hakutaja kona, hakutaja mirusho, hakutaja nani alivaa viatu gani, na huyo mwingine ameelewa kila kitu. Huyo mtoto anajua kufupisha! Sasa mpe kifungu cha aya tatu dakika kumi baadaye, anakopi sentensi za mwanzo mpaka maneno yaishe. Tofauti ni kwamba mechi aliielewa na alijua mwenzake anataka kujua nini, lakini kifungu hajakielewa na hajui anamwandikia nani. Mimi naona kazi yetu yote iko hapo kwa hiyo tofauti.

Zamani nilikuwa naandika kanuni ubaoni, soma mara mbili, pigia mstari hoja muhimu, andika kwa maneno yako. Siku moja msichana mmoja mwenye bidii sana akaniletea karatasi amepigia mstari kwa biro nyekundu kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, hata kichwa cha habari alikuwa amekipigia. Akaniuliza, "Madam, yote ni muhimu, sasa nitoe gani?" Nilikaa na hiyo karatasi chumba cha walimu nikiitazama. Alikuwa amefanya vile nilimwambia, shida ni kwamba sikuwa nimemwonyesha muhimu inajulikanaje. Tangu hapo mstari na biro huja mwisho.

HATUA YA KWANZA, swali kabla ya kifungu. Hii haichukui muda. Waambie wasome swali linataka aya gani, linataka nini (sababu? madhara? suluhisho?) na maneno mangapi. Kuna mtoto anafupisha kifungu chote vizuri sana na aliulizwa aya mbili za kwanza tu. Inauma.

HATUA YA PILI, funga kitabu usimulie. Hapa ndio mimi hukaa sana, vipindi viwili au vitatu vizima, na hakuna kuandika. Wanasoma kimya, wanafunga kitabu, mmoja anageukia jirani yake anamwambia kifungu kinasema nini. Mimi huwaambia hivi, uko kwa simu na mama yako nyumbani, kredo imebaki ya bob tano, mwambie kabla simu ikatike. Hapo hutasikia mtoto akianza na "Katika ulimwengu wa kisasa", anaenda moja kwa moja kwa jambo lenyewe. Na kama hana la kusema ujue hajaelewa, kwa hivyo rudini kwa kifungu, angalieni msamiati, someni tena. Usimruhusu kushika kalamu na hajaelewa, juu mkono utafanya ile kazi kichwa kimekataa, yaani kukopi. Na kama mtoto anashikwa na maneno ya Kiswahili, mwache asimulie kwa Kijaluo au Kiluhya kwanza. Najua kuna shule mtu anaadhibiwa kwa hiyo, lakini kuelewa ni kuelewa, Kiswahili kitafuata akishajua anataka kusema nini.

HATUA YA TATU, kutoa hoja. Sasa ndio kalamu inakuja. Hiki hapa kifungu niliandika mwenyewe cha kidato cha pili (ghuba ya Winam ni ile ya Ziwa Victoria hapa kwetu), ni maneno 96, na swali ni fupisha kwa maneno 30 hadi 35:

"Wavuvi wa ghuba ya Winam wanalia. Gugumaji, mmea ambao asili yake ni Amerika Kusini, limefunika maji kiasi kwamba mitumbwi haiwezi kutoka ufuoni. Kuna wakati mtu anapiga kasia kuanzia asubuhi hadi jua la utosi na bado yuko pale pale. Mmea huu unazuia mwanga na hewa kufika chini, kwa hivyo samaki wanakufa au wanahamia mbali. Isitoshe, mbu na konokono ambao wanaeneza magonjwa kama malaria na kichocho wanapata mahali pa kuzaliana. Hata hivyo, kuna akina mama na vijana ambao wameanza kuvuna gugu hilo, wanalikausha na kusuka vikapu, viti na kamba, na wengine wanalitia kwenye mitambo ya gesi ya kupikia."

Mtoto wa kukopi anaanza na wavuvi wanalia, anaendelea na Amerika Kusini, anaendelea na kasia, na akifika "jua la utosi" maneno yake ni 33 tayari. Hajagusa samaki, hajagusa magonjwa, hajagusa vikapu. Amepata hoja moja kati ya nne. Hii muonyeshe ubaoni, muhesabu pamoja kwa sauti, wataona wenyewe bila wewe kuhubiri.

Alafu chukueni sentensi moja moja na muulize swali hili tu, nikiitoa hii, kuna jambo msomaji atakosa? Wavuvi wanalia, toa, hakuna anachokosa, sababu ya kulia ndio inakuja. Asili yake Amerika Kusini, ni kweli lakini kifungu hakizungumzii mmea ulitoka wapi, toa. Mtu na kasia ni mfano wa kutia chumvi hoja ambayo imeshatajwa, toa. Samaki wanakufa au wanahama, hapana, hiyo ukiitoa umeharibu. Malaria na kichocho ni mifano, baki na "magonjwa". Vikapu, viti, kamba, baki na "bidhaa". Mwisho mnabaki na hoja nne, linazuia uvuvi, linaangamiza samaki, linahifadhi viumbe wa kuleta magonjwa, na lina faida kwa wanaolivuna.

Hayo maneno ya jumla yanafundishika kwa mchezo. Mimi huita, wanajibu: ngege, mbuta, omena? Samaki! Managu, saga, mrenda, kunde? Mboga! Nyavu, ndoano, mitumbwi? Vifaa vya uvuvi! Dakika tano mwanzo wa kipindi, wanapenda sana.

HATUA YA NNE, kubana maneno. Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia na tunasahau kuwaambia watoto. Lugha yetu inaweza kubeba mambo mengi ndani ya neno moja. "Viumbe ambao wanaeneza magonjwa" ni maneno manne, "viumbe waenezao magonjwa" ni matatu. "Kwa sababu" ni mawili, "kwani" ni moja. "Kwa hivyo" ni mawili, "hivyo" ni moja. "Watu ambao wanavua samaki" ni manne, na "wavuvi" ni moja tu! "Mama yake" mawili, "mamake" moja. "Wao huvuna gugumaji" matatu, "hulivuna" moja kama gugumaji lilishatajwa. Kwa hivyo ile sarufi wanalalamika ati ni ya nini, virejeshi (kama -o ya "waenezao") na viambishi vya yambwa (kama -li- ya "hulivuna"), hapa ndio ina kazi. Siku ile darasa langu lilielewa hii kulikuwa na kelele, kila mtu anataka kubana ya mwenzake, nikawaacha mpaka kengele.

Jibu tuliloandika pamoja ni hili:

"Gugumaji katika ghuba ya Winam huzuia uvuvi, huua au kufukuza samaki kwa kukosesha maji mwanga na hewa, na hufuga viumbe waenezao magonjwa. Hata hivyo, baadhi ya wakazi hulivuna kutengenezea bidhaa na gesi."

Hesabuni, ni maneno 32 na hoja zote nne zimo. Angalieni pia "hata hivyo" tumeibakisha ingawa inakula maneno mawili, juu ndiyo inageuza habari kutoka hasara kwenda faida, ukiitoa sentensi ya mwisho inaning'inia. Hiyo ndio mtiririko, na mtiririko una alama yake.

HATUA YA TANO, matayarisho na nakala safi. Nafasi ya matayarisho imewekwa kwenye karatasi ya mtihani, itumike. Hoja ziandikwe hapo kwa ufupi, ziunganishwe, maneno yahesabiwe, ndio nakala safi iandikwe kwa aya, si orodha ya nambari. Wasiongeze maoni yao. Kama kifungu hakikusema serikali isaidie, usiseme serikali isaidie.

Sasa maswali, nimekusanya yale yameulizwa nikajibu hapa chini.

Mwalimu, Bungoma: Asante madam. Darasa langu ni wanafunzi 62 na kitabu kimoja wanatumia watatu. Hiyo ya kusimuliana nitaifanyaje bila soko kuzuka?

Jibu: Mwalimu, hao watatu kwa kitabu kimoja ndio kikundi chako tayari. Mmoja anasoma kwa sauti ya chini, wa pili anasimulia bila kuangalia, wa tatu ameshika kitabu anaangalia ni hoja gani imeachwa. Aya inayofuata wanabadilishana. Kelele itakuwepo, lakini zunguka usikilize, kelele ya kazi utaijua. Na kama mkuu wa shule anapita dirishani mueleze mapema.

Mzazi, Kakamega: Mtoto wangu yuko Gredi 7, anasoma vizuri hata kwa sauti lakini ukimuuliza amesoma nini anasema amesahau. Nifanye nini nyumbani?

Jibu: Mama, asante kwa kuuliza. Anatamka maneno lakini akili haijashikana nayo, na huo si uzembe, wala usimgombeze. Anza na vitu vifupi sana, aya moja tu. Taarifa ya habari jioni kwa redio pia ni nzuri, mwambie wewe ulikuwa jikoni hukusikia, akuambie habari moja. Muulize ni nani, amefanya nini, kwa nini. Siku za kwanza atakupa kitu kimoja, kipokee hicho kimoja kwa furaha. Mwache aongee lugha ya nyumbani kama ndiyo iko karibu.

Mwanafunzi wa kidato cha nne: Madam, wakisema tutumie maneno yetu wenyewe inamaanisha siwezi kutumia neno lolote la kifungu?

Jibu: Hapana mwanangu. Gugumaji ni gugumaji, kichocho ni kichocho, usihangaike kutafuta visawe vya majina ya vitu. Kile hutakiwi kubeba ni sentensi nzima jinsi ilivyo. Ukiona maneno sita yamefuatana sawa na ya mwandishi, simama uiseme upya.

Mwalimu, Siaya: Mimi huwaambia wachukue sentensi ya kwanza ya kila aya maana ndiyo hubeba kiini. Inafanya kazi na ni haraka. Kwa nini niwasumbue na haya yote?

Jibu: Mwalimu, nakuheshimu na kuna vifungu itafanya kazi. Lakini rudi kwa hicho changu, sentensi ya kwanza ni "Wavuvi wa ghuba ya Winam wanalia." Mwanafunzi wako ataandika hiyo na hana hoja hata moja. Waandishi wengi huanza na kisa, methali au swali, kiini kinakuja katikati au mwisho. Wafundishe kama dalili ya kuangalia, usiwape kama sheria.

Mwalimu, Nakuru: Kusahihisha je? Vitabu 60 vya ufupisho kila wiki mimi siwezi.

Jibu: Hata mimi siwezi. Wiki moja nasahihisha matayarisho peke yake, naangalia hoja zimo au hazimo, tiki na mbele. Wiki inayofuata wanabadilishana vitabu, kila mmoja anahesabu maneno ya mwenzake na kutafuta lile moja la kubana, mimi nachukua kumi tu nisome kwa makini. Kufika mwisho wa muhula kila mtoto nimemsoma vizuri mara mbili au tatu.

Ijumaa nitaweka kifungu kingine, hiki ni cha ziwa Nakuru, venye maji yamepanda na flamingo wakapungua, tufupishe kwa maneno 40. Mkijaribu na watoto nitumieni matayarisho yao pia, si nakala safi peke yake.