Magaga ya msimu wa baridi: paka mafuta mguu ungali na unyevu

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi kavu ya Njombe, Makete na Mbeya huanza na visigino. Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta, hivyo ikikauka huwa ngumu na kupasuka kila ukikanyaga. Wengi hupaka mafuta ya mgando juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, halafu wanashangaa hayasaidii. Mafuta hayo hayaongezi maji, yanazuia tu yaliyopo yasitoke.

Jioni loweka miguu dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu. Ya moto huondoa mafuta ya asili. Sugua taratibu kwa jiwe la miguu; ngozi ikianza kuwa nyekundu, umezidisha. Kausha kwa kugusagusa na taulo, hasa katikati ya vidole, lakini kisigino kibaki na unyevu kidogo. Ndani ya dakika 3 paka mafuta, kama kijiko cha chai kwa miguu yote miwili, ukiyasukumia ndani ya nyufa. Vaa soksi za pamba, lala nazo.

Wembe usiguse magaga kabisa. Mwenye kisukari asiloweke wala asisugue. Akiona ufa unatoa damu au usaha, awahi kituo cha afya siku hiyohiyo.