Viazi vya maziwa na dili: pishi la Kiswidi na namna ya kulipatia

Ukihamia Uswidi, utakutana na dillstuvad potatis hata kama hujaitafuta. Watoto wataila shuleni, ambako chakula cha mchana ni bure kwa mujibu wa sheria, au utaikuta kantini ya kazini siku ya samaki: vipande vya viazi ndani ya mchuzi mweupe mzito, wenye majani ya kijani ya kiungo kiitwacho dili, yaliyokatwa vidogo vidogo. Mtu aliyekulia kwenye pilipili na kachumbari huonja mara ya kwanza akajiuliza kama mpishi aliitwa kwenye simu katikati ya kazi. Lakini chakula hiki hakipikwi kiliwe peke yake. Kazi yake ni kumtuliza mwenzake aliye kwenye sahani, ambaye kwa kawaida ana chumvi nyingi au moshi. Ukilijua hilo, hutahangaika kukitia binzari na tangawizi ili "kichangamke".

Kwa watu wanne, andaa viazi kiasi cha kilo moja, siagi vijiko viwili vikubwa, unga wa ngano vijiko vitatu vikubwa, maziwa nusu lita, na majani ya dili yaliyokatwa yanayojaa desilita moja. Chumvi, na pilipili manga nyeupe. Basi. Mapishi ya Kiswidi yameandikwa kwa vipimo vya ujazo: dl ni desilita, msk ni kijiko kikubwa cha mililita 15, tsk ni kijiko cha chai cha mililita 5, na krm ni kipimo cha viungo cha mililita 1 tu. Nunua seti ya vipimo hivyo, si ghali, na itakufaa kwa kila kitu utakachopika hapa.

Viazi ndivyo vinavyoamua matokeo, kwa hiyo soma mfuko. Ukiona neno fast, hivyo ni viazi vigumu visivyovurugika vikiiva, na ndivyo unavyovitaka. Amandine na Cherie ni za kundi hilo. Ukiona mjölig, kama King Edward, hivyo ni vya ungaunga: vitamu kwa kuponda, lakini ndani ya mchuzi vitapasuka na utapata kitu kilicho kati ya supu na kiazi cha kuponda. Chemsha na maganda yake, kwa maji yenye chumvi, na zile shina za dili usizitupe, zitumbukize humo humo. Vikiiva, mwaga maji, acha mvuke utoke, kisha menya vingali vuguvugu na ukate vipande vya ukubwa wa tonge ndogo. Viazi vya jana vilivyolala kwenye friji vinafaa pia, pengine zaidi, kwa sababu vimekaza.

Viazi vyenyewe vilichelewa kukubalika huku. Mfanyabiashara Jonas Alströmer alivilima mjini Alingsås miaka ya 1720 na kuvipigia debe, lakini wakulima wengi waliviona chakula cha mifugo. Mwaka 1746 kabaila Eva Ekeblad akawasilisha njia za kutengeneza unga na pombe kali kutokana na viazi, na mwaka 1748 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Akademia ya Kifalme ya Sayansi. Unaweza kukisia ni lipi kati ya unga na pombe lililowashawishi watu.

Sasa maziwa, ambako mgeni ndipo anapokosea dukani. Pakiti zimepangwa bega kwa bega na nyingi zinafanana. Filmjölk ni maziwa ya kugandisha, yale ya mgando au mala ya kwetu. Ukiyachemsha na unga yatakatika. Unachotafuta ni mjölk. Standardmjölk yenye mafuta asilimia 3 inatoa mchuzi mzuri. Mellanmjölk ya asilimia 1.5 inatosha, lättmjölk ya asilimia 0.5 itakupa mchuzi uliopooza, labda uiongezee krimu kidogo. Wengi wetu tukishakuwa watu wazima tumbo haliyapendi maziwa mengi. Chukua yaliyoandikwa laktosfri. Mengine yana utamu kidogo zaidi kwa sababu sukari ya maziwa imeshavunjwa; ukiyaonja hivyo, ongeza chumvi chembe. Maziwa ya shayiri aina ya oats, havredryck, nayo yanashika vizuri, ili mradi yasiwe na vanila. Tui la nazi linawezekana, lakini hapo umepika viazi vya nazi, na mimi ningeacha dili, nikatia dhania na ndimu, tukaacha kujidanganya.

Dili ni majani yenye umbo la manyoya, yenye harufu inayokaribiana na ya shamari. Waliowahi kuishi Uarabuni wanayajua kwa jina la shibiti. Yanauzwa kwenye kichungu kidogo chenye udongo, kwa fungu, au yamekatwa na kugandishwa ndani ya kiboksi. Ya kugandisha yanafaa kabisa na hayaozi kwenye droo, nunua bila aibu. Ya kukaushwa yana ladha ya nyasi za ghalani, yaache. Mwezi wa Agosti utaona pia matawi marefu yenye maua, krondill. Hayo ni ya kuchemshia kamba wa mtoni, si ya pishi hili. Kuyakata majani mabichi, fanya wanavyofanya bibi wa Kiswidi: yasukumize ndani ya glasi, ingiza mkasi, kata kata humo humo. Kibao kinabaki kikavu na majani hayapondeki.

Mchuzi unataka usimame nao. Yeyusha siagi kwa moto wa wastani mpaka povu litulie, mimina unga wote kwa mara moja, ukoroge kama dakika moja. Usiuache ugeuke kahawia. Hapa hatukaangi unga wa kupaka rangi mchuzi. Toa sufuria motoni, tia maziwa kidogo, korogesha mpaka yawe laini kabisa, tia tena kidogo. Madonge yote huzaliwa kwenye maziwa ya mwanzo. Ukishavuka robo ya maziwa, mimina yaliyobaki, rudisha motoni, koroga ukikwangua chini na pembeni mpaka yachemke. Hapo ndipo watu hukimbilia kuzima. Punguza moto, uache utokote polepole dakika tatu hadi tano, la sivyo ladha ya unga mbichi itabaki ulimini. Ukiinua mwiko, mchuzi uufunike mgongo wake na utiririke pole pole, uzito wa uji wa mtoto aliyeanza kukaa. Majiko mengi ya zamani kwenye nyumba za kupanga ni ya umeme wenye sahani nzito: hata ukizima, joto linaendelea, na maziwa hushika chini. Hamisha sufuria kabisa.

Tia chumvi, pilipili manga nyeupe, ukitaka kwaruza kungumanga kidogo. Nyeupe si kwa ajili ya ladha peke yake. Wao hawapendi vidoa vyeusi kwenye mchuzi mweupe. Ingiza viazi, vipashe moto taratibu bila kuvikoroga ovyo. Dili huingia mwisho, moto ukiwa umezimwa. Ukiichemsha inageuka rangi ya kaki na harufu yote inaishia kwenye kofia ya jiko. Asiye na dili atie kitunguu majani chembamba, gräslök, au kotmiri ya Kizungu, persilja. Hivyo vyote vinakubalika huku.

Sasa mwenzake. Wengi huandaa na gravad lax, samoni asiyepikwa aliyelazwa kwenye chumvi, sukari na dili, au samoni wa moshi. Mjamzito asile hao wawili wakiwa baridi: mamlaka ya chakula, Livsmedelsverket, inawashauri wajawazito waepuke samaki wa gravad na wa moshi baridi, yaani moshi usiomwivisha, kwa sababu ya bakteria wa listeria. Mwache apate samoni wa kuokwa. Jozi nyingine ya asili ni isterband, soseji chachu ya Småland, jimbo la kusini mwa Uswidi. Ina nguruwe, kwa hiyo Mwislamu aulize kabla ya kuchota. Chaguo langu ni makrill, samaki jamii ya kibua, wa moshi wa moto. Aliyezoea samaki wa moshi wa Kisumu au Mwanza atajisikia yuko nyumbani, na bei yake ni nafuu kuliko samoni. Weka limau pembeni. Na pilipili, ikibidi, iwe kwenye kisahani chako, usiitie ndani ya sufuria ya watu.

Ukialikwa knytkalas, ile karamu ambayo kila mtu anakuja na chungu chake, hili ni pishi salama la kubeba. Lipike jepesi kuliko unavyolitaka, maana njiani litaganda, na chukua maziwa kidogo kwenye chupa ya kulegezea. Kwenye Midsommar, sikukuu ya kiangazi, usijisumbue nalo. Ijumaa ile ya kati ya tarehe 19 na 25 Juni wanataka viazi vipya vya msimu, vimechemshwa na dili, vinaliwa na siagi, krimu chachu na sill, samaki wa heringi aliyelowekwa kwenye siki. Ukileta vya mchuzi watakushukuru kwa adabu na kuvipita.

Vilivyobaki vinakaa kwenye friji siku mbili tatu. Kwa kibakuli cha kazini, tia kijiko cha maziwa juu kabla ya kuingiza kwenye maikrowevu, koroga katikati, na usigandishe kwenye friza: vikiyeyuka, viazi vinakuwa kama sifongo na maji yanajitenga.