Kurudisha mkono wa kuchomelea baada ya kukaa muda mrefu bila kazi

Fundi aliyekaa mwaka au zaidi bila kuchomelea, akirudi kwenye mashine hukuta kijiti cha kuchomelea kinanata kwenye chuma, mshono unapinda na matundu yanajitokeza. Wengi hapo hapo huulaumu mkono. Kwa anayefanyia kazi Tanga mjini, iwe Ngamiani, Makorora au Chumbageni, tunashauri mkono uwe wa mwisho kulaumiwa. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, huzidi. Muda ule uliopumzika, vijiti vimevuta maji, ncha za kebo zimeota ukijani, na vyuma vya mazoezi vimeshika kutu yenye chumvi. Ukianza mazoezi na vitu hivyo, mkono utajizoesha kupambana na kijiti kibovu, na siku utakapopata kizuri utalazimika kujifunza upya. Kwa hiyo kagua mashine, kisha vijiti, kisha macho, ndipo uujie mkono.

Mashine na kebo

Chomoa mashine kwenye umeme. Kama ni inverta (mashine nyepesi ya kielektroniki), subiri angalau dakika 10 kabla ya kufungua mfuniko, kwa sababu ndani hubaki umeme hata baada ya kuchomoa. Toa vumbi kwa brashi laini au hewa kavu ya kompresa. Vumbi lenye chumvi likipata unyevu hupitisha umeme, na hicho ni chanzo kimojawapo cha inverta kuungua hapa pwani.

Angalia ncha za kebo zote mbili. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, kata sentimita chache mpaka ukute shaba inayong'aa, kisha funga upya na kukaza vizuri. Kibanio cha ethi, yaani cha kebo inayobanwa kwenye chuma unachochomelea, kisugue kwa brashi ya waya kwenye meno yake, na kila mara kibane kwenye chuma kilichosafishwa, kamwe kisibanwe juu ya rangi au kutu. Ethi mbovu huleta moto unaozimika zimika, na fundi akiuona hudhani ameshindwa kushika kijiti. Kuna kipimo rahisi: choma vijiti vitatu mfululizo, zima mashine, chomoa, halafu gusa kila kiungo cha kebo. Kinachochoma kuliko vingine ndicho kibovu.

Waya wa kurefushia umeme usipungue milimita mraba 2.5, na uufungue wote ardhini. Waya uliobaki umezungushwa hupata joto hadi kuyeyuka. Ukiwa na mita, pima volti kwenye soketi wakati mwenzako anachoma. Umeme wetu ni volti 230. Ukishuka chini ya 200 mashine ikiwa kazini, tatizo ni waya au laini ya mtaani. Mashine ya transfoma itapunguza moto pamoja na volti, na hakuna ufundi wa mkono unaoweza kufidia hilo. Tafuta saa ambayo watu wengi hawajawasha vitu vyao.

Vijiti

Hapa ndipo wanaorudi kazini hupotea. Mtu hutoa pakiti iliyokaa wazi tangu zamani na kusema, hivi ni vya kufanyia mazoezi, vipya nitatunzia kazi. Fanya kinyume. Siku za mwanzo tumia vijiti vizuri kuliko vyote ulivyonavyo, ili kosa likitokea ujue ni la mkono.

Kijiti chenye unyevu kina dalili zake. Shika vijiti vichache mkononi uvitikise: vikavu hutoa mlio wa chuma, vyenye maji hutoa sauti nzito iliyofifia. Kikiwaka hulipuka lipuka, moshi huwa mwingi, na mshono hutoka na matundu. Ukiona unga mweupe juu ya ganda la dawa, au dawa inabanduka ukikikunja kidogo, au waya wa ndani una kutu, kitupe. Kukikausha hakutakiponya.

Vile ambavyo vimepata unyevu tu vinaweza kukaushwa. Vijiti vya kawaida vya E6013, ambavyo hutumika kwenye magrili na mageti mengi, vikaushe kwenye nyuzi 100 hadi 120 za sentigredi kwa saa moja. Usizidishe, dawa yake inahitaji unyevu kidogo ili moto utulie, na ukiichoma sana moto unakuwa mgumu. Vijiti vya E7018 ni kinyume chake: vinataka nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja hadi mbili, kwa sababu hidrojeni inayotokana na maji huingia kwenye chuma na kuleta nyufa zinazoweza kujitokeza hata siku ya pili. Jiko la mkaa halitakupa joto hilo kwa uhakika. E7018 yenye mashaka usiiweke kwenye kitu cha kubeba mzigo.

Kutunza: bati lenye mfuniko unaobana linatosha kwa pakiti moja. Mwenye vijiti vingi achukue kabati la friji iliyokufa, aweke ndani balbu ya zamani ya wati 60 inayotoa joto (ya LED haifai), aiache iwake. Hiyo hulinda vilivyo vikavu, haikaushi vilivyokwisha kulowa.

Macho

Fundi wa umri wa miaka 40 na kuendelea aliyekaa miaka kadhaa bila kuchomelea, mara nyingi mkono wake uko salama ila haoni karibu kama zamani. Mshono unapinda kwa sababu haoni mstari. Vaa miwani ya kusomea ndani ya kofia, au weka kioo cha kukuza kinachochomekwa nyuma ya kioo cheusi. Badilisha kile kioo cheupe cha nje kikiwa na mikwaruzo. Kwa kijiti cha milimita 2.5 kioo namba 10 kinafaa, kwa 3.2 tumia namba 11. Kofia inayojitia giza yenyewe ielekeze kwenye jua bila kuchungulia ndani yake, uone kama kioo kinageuka cheusi. Kisipogeuka, usiitumie mpaka ubadilishe betri au kofia yenyewe.

Mkono

Andaa vipande sita vya chuma cha unene wa milimita 5, upana sentimita 10 na urefu 20. Chakavu kinafaa, lakini kilichokaa karibu na bahari kioshe kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikauke, ndipo upige grenda mpaka king'ae. Grenda peke yake huiacha chumvi ndani ya vishimo vya kutu. Bomba lenye zinki usilitumie kwa mazoezi. Moshi wake huleta homa na kutetemeka usiku. Pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta usiliguse kabisa, hata likionekana kavu, kwani mvuke uliobaki hulipuka.

Vijiti kilo mbili za milimita 2.5 zinatosha, ni kama vijiti mia. Weka mashine ampea 75.

Kabla ya kuwasha chochote, chora mistari kwa chaki, shika kijiti kwenye kishikio, mashine ikiwa imezimwa, ukipitishe juu ya mstari kwa muda wa dakika moja. Jambo linalopotea kwa kukaa bila kazi ni moja hasa: mkono kusahau kushuka. Kijiti kinaungua na kuwa kifupi, kwa hiyo mkono lazima uende mbele na wakati huo huo ushuke, bila kusimama. Mkono uliolala huenda mbele tu, na nafasi kati ya ncha na chuma inapanuka. Kaa chini, egemeza kiwiko kwenye meza au goti, na zungusha kebo begani ili uzito wake usivute kiganja.

Sasa washa. Anza na kuwasha na kuzima tu: kwaruza kama unawasha kiberiti, inua kidogo, shikilia moto sekunde tatu, ondoa. Rudia mpaka kiwake kila unapogusa. Kikinata, kipindishe kwa ghafla. Kikikataa, kifungue kitoke kwenye kishikio kabla hakijawa chekundu. Kunata mara kwa mara kwenye ampea 75 na chuma safi kunamaanisha unachelewa kuinua, au ethi haijashika.

Baada ya hapo piga mishono iliyonyooka kwenye chuma kilicholala. Nafasi ya moto iwe sawa na unene wa waya wa kijiti, yaani milimita 2.5 hivi. Kijiti kiinamie upande unaoelekea kwa nyuzi 10 hadi 20, ili ncha yake ielekee nyuma kwenye uji wa chuma, yaani chuma kilichoyeyuka. Sikiliza: moto mfupi hulia mfululizo kama samaki anayekaangwa, moto mrefu huvuma, hurusha cheche nyingi na kuacha mfereji kando ya mshono. Usitazame mwanga wenyewe. Tazama ukingo wa nyuma wa uji, pale unapoganda, na uusogeze kwa mwendo usiobadilika.

Gonga ganda linalofunika mshono, piga brashi, usome ulichofanya. Mawimbi yaliyochongoka yanasema unakimbia. Yaliyo ya duara ndiyo unayotaka. Kijiti kizima, ukibakisha kipande cha sentimita 5, kinapaswa kutoa mshono wa sentimita 15 hadi 20. Ukipata chini ya 12 unajikokota, na ganda litakimbilia mbele ya uji na kunaswa ndani. Ukifika 25 mshono ni mwembamba, haujashika. Pima kwa rula kila mara, maana jicho lililopumzika hujidanganya.

Acha chuma kipoe kati ya mishono. Chuma kikishapata moto kila kitu kinakwenda vizuri, na fundi huamini amerudi. Kesho yake kwenye chuma baridi anashangaa. Kwa mazoezi unaweza kukitumbukiza kwenye maji. Kiungo cha kazi halisi usikipoze kwa maji.

Zoezi linaloachwa na wengi ni kuunganisha mshono pale kijiti kilipoisha. Gonga ganda kwenye shimo la mwisho, washa moto sentimita moja mbele yake, rudi nyuma mpaka ujaze shimo, kisha endelea. Ukiwasha ndani ya shimo lenyewe, mwanzo wa kijiti huwa baridi na matundu hubaki pale pale. Geti linalovunjika mara nyingi huvunjikia kwenye maungio haya.

Kipimo kabla ya kushika kazi ya mtu

Simamisha kipande kimoja juu ya kingine kama herufi T, kishike kwa nukta mbili za kuchomelea, ongeza ampea hadi 80 au 85, kisha choma upande mmoja tu, kijiti kikiwa nyuzi 45 kati ya vyuma viwili. Mshono uwe wa sentimita 10 na ndani yake uwe umezima moto na kuunganisha tena mara moja. Kikipoa, bana chuma cha chini kwenye jiliwa, kisha kile kilichosimama kipige kwa nyundo kutoka upande usiochomwa, ili kilalie mshono.

Kikilala chote bila kuvunjika, umefaulu. Kikivunjika, tazama ndani. Rangi ya kijivu yenye chembe chembe kutoka mwanzo hadi mwisho ni nzuri. Mstari mweusi kwenye kona maana yake ganda limenaswa au chuma hakikuyeyukiana: ongeza ampea 5, fupisha moto. Matundu mengi yanakurudisha kwenye vijiti na usafi wa chuma. Faulu mara tatu mfululizo, kwa siku tofauti, kabla ya kupokea kazi.

Kusimamisha mshono kutoka chini kwenda juu kufuate baadaye, ampea zikipungua kwa asilimia 10 hivi. Kisha mabomba ya pembe nne yenye unene wa milimita 1.2 au 1.5, kwa ampea 50 hadi 60, vipande vifupi vifupi ili yasitoboke. Juu ya kichwa iwe ya mwisho.

Fanya dakika 45 hadi 60 kila siku; saa tano za Jumamosi peke yake huchosha kiganja na hufundisha makosa. Asubuhi ni bora, kabla upepo wa baharini haujaanza kupeperusha gesi inayokinga uji. Mchana weka bati upande unaotoka upepo. Glovu zikilowa jasho zibadilishe, na simama juu ya ubao mkavu, kwa kuwa mashine isiyochoma ina volti 50 hadi 80 kwenye kijiti, na ngozi iliyolowa huzipitisha.

Kazi za mwanzo ziwe magrili, stendi za ndoo, viti. Ngazi, minara ya matangi ya maji na ndoano za matrela ya mkonge ziache mpaka mishono ya kusimama nayo ifaulu kipimo cha nyundo. Anayetaka mkono wake upimwe rasmi aulize chuo cha VETA hapa Tanga. Wana utaratibu wa kutathmini mafundi waliojifunzia mtaani, na humo utaambiwa ni wapi bado.