Namna ya kuandika mpango wa miaka 10 wa kituo cha chuo kinacholea viongozi wa asasi na watu wa kutoa

Mpango wa muda mrefu wa kituo cha chuo, yaani kile kinachofundisha viongozi wa asasi za kiraia na watu wanaozichangia pesa, sio orodha ya semina, tuanzie hapo maana hapo ndo wengi wanapotea. Unakuta mpango mkakati una kurasa arobaini, dira, dhamira, maadili ya msingi, alafu jedwali refuuu lenye "kuendesha warsha" kila robo mwaka, na mkurugenzi wa asasi ndogo akiusoma haoni hata mstari mmoja unaomhusu yeye. Kwahiyo anza na mtu. Chukua mkurugenzi mmoja wa kufikirika, ana wafanyakazi sita, bodi yake haijakaa mwaka mzima, pesa yote iko kwenye mradi mmoja unaoisha Juni, mhasibu anataka kuhama, alafu jiulize: baada ya miaka 10 huyu mtu, pamoja na huyo atakayempokea kiti, watakuwa wapi kwa sababu tu kituo chenu kilikuwepo? Ukipata jibu la hilo liandike kwenye ukurasa mmoja, usizidishe. Huo ndo mpango, kurasa zingine zinakuja kuuelezea.

Na kwanini 10 sio 3? Kwasababu kazi yenyewe ni ya polepole. Kituo cha uhisani cha Indiana University kule Indianapolis kilianza 1987, kikaja kuwa skuli kamili 2012, hapo katikati ni miaka 25, leo kinaitwa Lilly Family School of Philanthropy. Cha kuangalia zaidi ni kwamba hawakuanzia kwenye digrii. Huo huo 1987 waliipokea The Fund Raising School, shule ya uchangishaji ambayo Hank Rosso aliianzisha California 1974, yaani kitu ambacho tayari kilikuwa na watu wanaokuja na kulipa ada. Ila wewe usiandike bajeti ya miaka 10, hakuna anayejua bei za mwaka wa nane. Fanya tabaka tatu: ule ukurasa mmoja wa miaka 10, mpango wa miaka 3 wenye pesa na majina ya watu, na kazi za mwaka huu kwenye karatasi ambayo mtu anaweza kuibandika ukutani.

Kabla hujaenda mbali malizana na swali la kituo kinakaa wapi ndani ya chuo, hili watu wanaliogopa kwasababu ni siasa. Kuna vituo viko skuli ya biashara, mfano Wits pale Johannesburg kituo chao cha uhisani wa Afrika na uwekezaji wa kijamii kiko Wits Business School. Kuna waliofanya ubia, Case Western Reserve kule Cleveland walianzisha kituo cha Mandel 1984 kikiwa cha skuli tatu kwa pamoja, ustawi wa jamii, menejimenti na sheria. Ubia unavutia maana asasi kweli inahitaji vyote vitatu, lakini mimi naona hatari yake ni kwamba siku bajeti ya chuo ikibana kila mkuu wa skuli anamtazama mwenzake. Ukichagua ubia andika kabisa nani anamlipa mkurugenzi wa kituo mshahara, nani anasaini, na kituo kinaripoti kwa nani. Sentensi tatu tu hizo, ila zipatie saini ya makamu mkuu wa chuo kabla hata hujaitisha kikao cha wadau.

Sasa kusikiliza. Kila mtu anasema amesikiliza wadau, ukiuliza vipi unaambiwa tuliwaita hotelini siku moja tukawagawia dodoso. Hapana. Nenda kwenye ofisi zao, kaa na mkurugenzi peke yake, siku nyingine na mhasibu peke yake, siku nyingine na mwenyekiti wa bodi, utashangaa ni kama wanakusimulia asasi tatu tofauti. Na usiwachanganye wakurugenzi na wafadhili kwenye chumba kimoja mwanzoni, maana mwenye shida ya pesa hawezi kusema ukweli mbele ya anayempa pesa, utapata makofi na pongezi tu. Tafuta pia walioacha kazi za asasi, hawa watu hakuna anayewauliza na wao ndo wanajua kwanini viongozi wanachoka.

Maswali nayo yana ufundi wake. Usiulize "mnahitaji mafunzo gani" kwasababu jibu unalijua tayari, watakwambia uandishi wa maandiko ya miradi, maana hilo ndo wamezoea kupewa. Uliza ukiondoka kesho nani anashika ofisi. Uliza mara ya mwisho bodi ilikataa kitu gani ulichotaka (kama haijawahi kukataa kitu, hapo hamna bodi). Uliza mshahara wa mhasibu mwaka jana ulitoka kwenye fungu gani. Uliza mfadhili gani ulitamani kumkataa ukashindwa. Hayo majibu yatakwambia kituo kifanye nini kuliko dodoso lolote, ila waahidi usiri na uutunze kweli, jina la asasi lisionekane popote kwenye ripoti.

Ukirudi na majibu utakuwa na mahitaji kama hamsini hivi na kishawishi cha kuyaweka yote. Chagua matatu. Kwa vituo vya aina hii mara nyingi yanaangukia hapa: uongozi na bodi, utoaji wenyewe, na utafiti unaotumika. Halafu, na hapa ndo mpango unaanza kuwa mpango, andika mtaacha nini. Kama kuna kozi fupi inaendeshwa kila mwaka kwasababu profesa fulani anaipenda na wanakuja watu wanane, itaje, iwekee mwaka wa kufungwa. Itauma kidogo. Mpango ambao haujamkwaza mtu yeyote chuoni huenda haujachagua kitu.

Kwenye uongozi nitakaa kidogo kwasababu ndo kwenye uzito. Warsha ya siku tatu inampa mtu cheti na kabrasha, Jumatatu anarudi kwenye moto ule ule na bodi ile ile. Panga programu ya miezi tisa mpaka kumi na mbili, kundi dogo la asasi kumi na tano hivi, mnakutana siku mbili kila mwezi, katikati kila mmoja ana mlezi ambaye amewahi kuendesha asasi kweli kweli, sio mhadhiri aliyesoma habari zake. Sharti la kujiunga: asasi ilete watu wawili, mkurugenzi na mtu wa chini yake, na mwenyekiti wa bodi aje angalau vikao viwili. Wengi watalalamika hawana muda, ni sawa, waache waje awamu ijayo, lakini usilegeze hilo sharti maana ukimfundisha mkurugenzi peke yake umemwandaa kwa ajili ya kazi nzuri zaidi sehemu nyingine na asasi imebaki ilivyokuwa. Kazi ya mwisho ya programu isiwe insha. Iwe nyaraka halisi ya asasi yao, mfano mpango wa kurithishana uongozi uliopitishwa na bodi, au sera ya akiba, au bajeti ya mwaka ambayo inaonyesha gharama zote za uendeshaji bila kuzificha ndani ya miradi.

Kama mnataka kuanzisha digrii au stashahada pia, hamna haja ya kubuni mtaala kutoka hewani, baraza la vituo vya namna hii, Nonprofit Academic Centers Council, lililoanza 1991, lina miongozo ya mtaala wa shahada ya kwanza na ya uzamili, ichukueni muikate kulingana na sheria za kwenu. Sitalizungumza sana hilo, seneti ya chuo itawamalizia muda wenu yenyewe.

Utoaji sasa. Hapa vituo vingi vinakosea upande, vinafundisha waombaji jinsi ya kuomba na kumwacha mtoaji kama alivyo. Mtoaji naye anafundishika, tena anahitaji. Dorothy A. Johnson Center, kituo cha uhisani cha Grand Valley State University, Michigan, ambayo ilianza 1992 kwa msaada wa W.K. Kellogg Foundation, wana mafunzo maalum kwa watu wanaotoa ruzuku, yaani wale maafisa wanaokaa upande wa pili wa meza. Iga wazo hilo. Mfundishe mfadhili jinsi ya kutoa pesa ya miaka mingi isiyofungwa kwenye mradi, jinsi ya kulipia mhasibu na kodi ya ofisi bila kuona amepoteza, jinsi ya kufupisha fomu ya ripoti. Somo moja zuri ni kumpa mfadhili fomu yake mwenyewe aijaze akiwa na saa mbele yake, hakuna mhadhara unaofikia hapo.

Na usifikirie mtoaji ni taasisi kubwa tu. Kwenye ripoti ya mwaka 2023 ya Giving USA, ambayo inahesabu michango ya Marekani kila mwaka, pamoja na kuwepo taasisi zote zile kubwa mnazozisikia, karibu theluthi mbili ya michango ilitoka kwa watu binafsi walio hai, taasisi za kutoa na makampuni wakagawana sehemu iliyobaki pamoja na wosia. Kwahiyo mpango uwe na sehemu ya watu wa kawaida na ya wanafunzi wenu. Northern Kentucky University wana utaratibu wa siku nyingi ambapo wanafunzi darasani wanapewa pesa halisi, wanachunguza asasi, wanabishana, wanaamua nani apewe. Pesa ni kidogo lakini mwanafunzi anajifunza kukataa ombi zuri kwa sababu kuna lingine zuri zaidi, kitu ambacho huwezi kukifundisha kwa slaidi.

Utafiti: fupi, wa haraka, urudi kwa waliohojiwa kabla ya kwenda kwenye jarida. Uchunguzi wa mishahara ya asasi kila miaka miwili, kwa mfano, bodi zitaugombania. Tatizo liko kwa wahadhiri, wanapandishwa vyeo kwa makala za kitaaluma na sio kwa kumsaidia mkurugenzi kusoma hesabu zake, sasa usitegemee moyo wa kujitolea kwa miaka 10. Zungumza na uongozi wa chuo mapema kazi za kituo zihesabike kwenye mzigo wa kazi, hata ikiwa kozi moja kwa mwaka, na iandikwe.

Pesa ya kituo chenyewe. Ni kichekesho cha huzuni kituo kinachowafundisha wengine kutotegemea mfadhili mmoja chenyewe kinaishi kwa ruzuku moja. Lenga mapato ya mafungu manne: chuo kilipe mshahara wa mkurugenzi na ofisi, ada za mafunzo kwa ngazi (asasi kubwa ilipe zaidi, ndogo ilipe kidogo lakini ilipe), kazi za mkataba kama tathmini, na mfuko wa wakfu (pesa inayowekezwa, mnatumia faida yake tu). Huo wa wakfu watu wanausema kirahisi, ila piga hesabu kwanza: kawaida unatoa kama asilimia 4 ya mfuko kwa mwaka ili usile mtaji, maana yake ukitaka milioni 4 kila mwaka milele unahitaji milioni 100 imekaa benki na kwenye vitega uchumi, kwa sarafu yoyote ile. Kwahiyo wakfu ni lengo la mwaka wa tano kwenda mbele, sio jibu la mwaka huu. Na kabla ya kupokea senti ya kwanza andikeni sera ya kupokea zawadi: nani hatupokei pesa yake, mtoaji haamui matokeo ya utafiti, jina ukutani linadumu muda gani na linaondolewa kwa sababu zipi. Ukiiandika wakati bahasha ishafika mezani umechelewa, kila mtu atapata sababu ya kuikubali.

Vipimo viwe vichache na viwe vya baadaye. Idadi ya waliohudhuria iweke kwenye ripoti ya mwaka basi, usiipe heshima zaidi. Miaka miwili baada ya programu wapigie simu: bodi imekaa mara ngapi, akiba inatosha miezi mingapi ya uendeshaji, yule mtu wa pili aliyekuja na mkurugenzi bado yupo au amepanda, kuna mfadhili aliyebadilisha masharti? Kwa upande wa watoaji hesabu sehemu ya ruzuku zao iliyo ya zaidi ya mwaka mmoja, kabla na baada. Kabla ndo muhimu, chukueni hizo takwimu siku ya kwanza ya usajili, kwenye fomu ile ile ya kujiunga, maana baada ya mwaka hakuna anayekumbuka na kila mtu atakwambia mambo yalikuwa mabaya sana.

La mwisho ni la nyumbani. Kituo kinachohubiri kurithishana uongozi kiwe nacho na naibu mkurugenzi anayejua nywila, mikataba na simu za wafadhili, na mkurugenzi awe na ukomo, tuseme miaka mitano mara mbili. Tenga nusu siku kila mwaka ya kusoma mpango na wale wakurugenzi wa asasi mliowatembelea mwanzoni, wao wasome matokeo kwa sauti na nyie mkae kimya, na mwaka wa tatu mruhusiwe kubomoa chochote isipokuwa ule ukurasa mmoja. Hiyo tarehe ya kwanza iingizeni kwenye kalenda ya chuo siku hiyo hiyo mpango unapitishwa, kabla ratiba ya mitihani haijaimeza.