Unabadilisha paneli za zamani za sola? Anza na kontrola kwanza, paani utapanda baadaye

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu huku kwetu Muheza alinipigia simu, hata salamu hakumaliza. Marahaba, marahaba, fundi nimeuziwa feki. Alikuwa na paneli nne za wati 100 juu ya bati tangu 2011, ameona taa zinafifia saa mbili usiku akaamua kuzitoa zote, kanunua paneli moja kubwa ya wati 550, kamtafuta kijana wa mtaani kamfungia. Mahesabu yake yalikuwa 400 nimetoa 550 nimeweka, kwahiyo umeme utaongezeka. Taa sasa zikawa zinakata saa moja na nusu.

Nilivyofika paneli nikaikuta nzima kabisa, haina feki yoyote. Shida ilikuwa ukutani, kontrola (kile kiboksi kinachosimamia umeme wa paneli kuingia kwenye betri) ni ile ile ya zamani, ya aina ya PWM, nitaieleza kwenye hatua ya 2. Na kwa vile kila mwezi nakutana na kesi kama hii nimeona niandike tu hatua ninazofuata mimi nikibadilisha paneli, ukitaka ufanye mwenyewe au umsimamie fundi wako asikuharibie.

HATUA YA 1: Pima za zamani kabla hujazihukumu

Zioshe kwanza. Sio utani, nimeshaitwa kubadilisha paneli ambazo shida yake ilikuwa vumbi la barabarani na kinyesi cha kunguru, nikapanda na ndoo ya maji na kitambaa asubuhi kabla kioo hakijapata moto, nikashuka na hela ya nauli tu.

Zikishakuwa safi subiri jua la saa sita, chomoa kila paneli kivyake na pima volti kwa mita. Paneli ya seli 36, hizi wanazoita za volti 12, ikiwa wazi bila mzigo inatakiwa ikupe volti 19 mpaka 22, ikiwa ya moto inashuka kidogo. Ukikuta kama volti 10 hivi, yaani nusu, usiitupe, fungua kale kaboksi keusi kwa nyuma angalia dayodi (kale kadude kanakopitisha umeme upande mmoja tu), mara nyingi moja imekufa na imeunganisha nusu ya seli kwa njia ya mkato, dayodi ni hela ndogo sana. Hizi kubwa za seli 72 zina dayodi tatu, ikifa moja unapoteza theluthi.

Ila volti peke yake inadanganya. Paneli iliyochoka inaweza kukuonyesha volti 20 safi na ampia hamna, kwahiyo pima na ampia. Ifunike paneli kwa blanketi, unganisha pozitivu na negativu yake, zungushia mita ya kubana inayosoma DC, toa blanketi, soma, rudisha blanketi ndipo uchomoe. Ukichomoa wakati jua linawaka utapata cheche ambayo haizimiki kirahisi kama ya umeme wa TANESCO. Na ukitumia mita ya kawaida kumbuka tundu lake kubwa mwisho ampia 10, paneli mpya za wati 550 zinatoa hadi 14, utaunguza fyuzi.

Zile za mwalimu nilizipima zote nne zikiwa zimeegemea ukuta wa jiko, zikatoa ampia 4 na pointi kila moja, wakati zikiwa mpya zilikuwa kwenye 6. Kwa macho pia unaona, seli zimekuwa za kahawia kama chai ya maziwa, pembeni kuna utando mweupe ambapo plastiki imeachia kioo, na moja ina doa la kuungua nyuma. Hiyo ya doa la kuungua wala usibishane nayo, ishushe.

HATUA YA 2: Kontrola, hapa ndipo pesa za watu zinapotelea

Naomba hapa usome polepole.

Kontrola ya PWM ni kama swichi tu, inaunganisha paneli na betri moja kwa moja, kwahiyo paneli inalazimishwa kushuka mpaka volti za betri. Paneli ya wati 550 inafanya kazi kwenye volti kama 42 na ampia 13. Ukiifunga kwenye betri ya volti 12 kupitia PWM unapata zile ampia 13 mara volti 13 za betri, ni kama wati 170, zilizobaki zinapotea. Sasa paneli nne za mwalimu, pamoja na uzee wake wote, zilikuwa sambamba (pozitivu zote pamoja, negativu zote pamoja, ampia zinajumlishwa) zinaleta ampia 16 na zaidi. Umeona? Katoa ampia 16 kaweka ampia 13, kwa hela nyingi. Na hapo hamna aliyemuibia, paneli ni nzima, kontrola nayo ni nzima, ila haziendani.

Dawa ni kontrola ya aina nyingine, MPPT, hiyo inachukua volti 42 inazishusha na kuzigeuza kuwa ampia. Tulipofunga ya ampia 40, saa sita ile ile nilisoma ampia 32 zinaingia kwenye betri. Paneli ile ile. Mwalimu aliingia jikoni akatoka na mama watoto waje waone namba.

Kwenye kuchagua MPPT angalia namba mbili. Ya kwanza ni ampia za kwenda betri: chukua wati za paneli gawanya kwa volti za betri, 550 gawanya 13 ni kama 42, ila paneli juani huwa haifiki wati zake za kwenye karatasi kwahiyo ya 40 inatosha. Kama mfumo wako ni wa volti 24 kontrola hiyo hiyo inabeba paneli mbili.

Ya pili ni volti za juu kabisa inazovumilia, na hii ilishanilipisha mfukoni. Niliwahi kufunga nyumba moja Njombe, paneli mbili za 550 nikazipanga mfululizo (pozitivu ya moja kwenye negativu ya nyingine, volti zinajumlishwa), kila moja imeandikwa Voc 49.8, yaani volti zake ikiwa wazi bila mzigo, jumla 99.6, kontrola imeandikwa mwisho volti 100. Nikajiona mjanja. Ilikuwa Julai, na paneli ikipata baridi volti zinapanda, zile za kwenye lebo zimepimwa kwenye nyuzi 25, asubuhi ya Njombe iko chini ya nyuzi 10. Siku ya tatu jua lilivyochomoza tu kontrola ikaungua. Nikanunua nyingine kwa hela yangu, ya volti 150. Tangu siku hiyo naacha nafasi ya asilimia 15 mpaka 20, hata huku pwani kwenye joto.

Na betri nayo usiisahau, betri za gel au za maji hazipendi kulishwa kwa pupa, betri ya Ah 200 (Ah ni ampia-saa, ukubwa wa betri) mwisho ampia 40 hivi. Mwalimu ana mbili za Ah 100 sambamba, tuko salama. Angekuwa na moja tu ningeishusha kwenye setingi.

HATUA YA 3: Kununua

Nenda dukani na futi kamba. Wauzaji watakucheka, waache. Jua kali kabisa linaleta kama wati 1000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri za sasa zinabadilisha kama asilimia 21 au 22 ya hizo. Kwahiyo mita moja ya mraba ni wati 200 na kitu, basi. Paneli ya 550 halisi ina urefu wa mita 2.28 hivi na upana 1.13, uzito kilo 27 au 28. Ukikuta paneli imebandikwa 400W na unaibeba kwapani kama mkeka, lebo inasema uongo. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote na haihitaji mita ya umeme.

Swali ninaloulizwa kila siku, je naweza kuchanganya mpya na za zamani? Ukizipanga mfululizo, ampia zinafuata ile dhaifu, mpya inakuwa mtumwa wa zee. Sambamba inawezekana kama volti zinalingana, ila 12 na hizi za 42 hapana. Mimi nakushauri usichanganye, kama unataka kutumia zote kila kundi liwe na kontrola yake, betri zitashare.

HATUA YA 4: Kushusha na kupandisha

Utaratibu wa kuzima: paneli kwanza, betri mwisho. Wa kuwasha: betri kwanza, paneli mwisho. Kontrola nyingi zinatambua kama ni volti 12 au 24 kwa kuisoma betri, ukianza na paneli unaichanganya au unaiua.

Panda asubuhi. Bati la saa saba linaunguza magoti. Kanyaga pale penye misumari maana ndipo kuna papi chini, usikanyage katikati, bati la geji 30 litabonyea na mvua ya masika itakukumbusha. Paneli ya kilo 28 haipandi na mtu mmoja kwenye ngazi, tafuta watu wawili na kamba, na kukiwa na upepo ahirisha, kile kitu ni tanga la jahazi.

Mashimo ya zamani yazibe kwa silikoni na raba, mapya toboa kwenye mgongo wa bati sio kwenye bonde linalopita maji, na skrubu iingie kwenye papi. Huku pwani vyuma vya kawaida vinaliwa na chumvi, zile klempu za mwalimu nilizikata kwa msumeno maana spana haikushika, kwahiyo nunua reli za alumini na bolti za stenlesi, usibane hela hapo. Acha uwazi wa sentimita 10 kati ya bati na paneli hewa ipite, sababu kila nyuzi ikipanda paneli inapoteza kama asilimia 0.35, na juu ya bati inafika nyuzi 60 bila shida.

Upande gani? Tanzania tuko kusini ya ikweta kwahiyo elekeza kaskazini, mlalo nyuzi 10 mpaka 15. Paa lako likiangalia upande mwingine usihangaike kujenga fremu, kwa mlalo mdogo hivyo unapoteza kidogo tu. Cha kuhangaika nacho ni mwembe. Kivuli cha tawi moja kinaua sehemu kubwa ya paneli.

HATUA YA 5: Waya

Ule waya wa nyumba wa 2.5 uliotumika zamani utoe, ganda lake limeshapasuka kwa jua. Weka waya wa sola wa 6mm kutoka juu, na kontrola kwenda betri iwe fupi na nene, 10mm au zaidi, hapo ndipo ampia zimejaa. Breka iwe ya DC, sio hii ya AC ya kwenye mita ya LUKU. Soketi za MC4, zile za kuunganishia waya za paneli, zibane mpaka zilie "taki", iliyolegea inapata moto pole pole mpaka inayeyuka na wewe huku chini unalaumu betri.

Washa, weka aina ya betri kwenye setingi, halafu kesho yake saa sita soma ampia uziandike mahali. Mimi huwa naandika kwa makapeni nyuma ya mlango karibu na kontrola: tarehe, ampia, hali ya hewa. Mwakani ukisoma pungufu unajua pa kuanzia.

Zile nne za mwalimu hatukuzitupa. Ya doa la kuungua ipo stoo, tatu ziko juu ya banda la kuku na ile kontrola ya PWM na betri yake, zinawasha balbu za vifaranga usiku. Hapo PWM inafaa kabisa.