Kupiga picha za taa za sambaza usiku kwa filamu: kwa nini sekunde 30 hazitoshi

Simama Nguba, mtaa wa Bukavu ukingoni mwa Ziwa Kivu, saa mbili usiku, siku ambazo hakuna mwezi, utaona taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, zimetapakaa ziwani kama mji wa pili wa Bukavu. Simu yako itapima mwanga na kukuambia: filamu ya ISO 400 (ndiyo ukali wake), tundu la lenzi f/8, sekunde 30. Mara ya kwanza niliitii. Nilipiga fremu kumi na mbili, nikasafisha, nikaichomoa filamu kwenye tangi. Taa zipo, nukta nyeusi tii (kwenye filamu mwanga hugeuka weusi). Lakini milima, mapaa, ukingo wa ziwa, hakuna kitu. Filamu angavu kama maji. Na filamu yenyewe nilikuwa nimemwagiza mtu aliyepitia Kigali, nikaingoja wiki tatu.

Simu haikukosea. Ilipima vizuri. Kinachokosea ni filamu, ambayo usiku husahau.

Hatua ya 1: jua kinachosahaulika

Ndani ya filamu kuna chembe za bromidi ya fedha zilizolala kwenye jelatini. (Fedha ninayoisema ni madini, si franga za mfukoni.) Fotoni, yaani punje moja ya mwanga, ikigonga chembe, inafungua elektroni moja. Elektroni inatangatanga hadi inaswe kwenye kidoa kidogo sana chenye salfa. Ioni ya fedha (atomu iliyopungukiwa elektroni) inaifuata pale pale, zinaungana, imezaliwa atomu moja ya fedha. Njia hiyo ilielezwa na Gurney na Mott mwaka 1938.

Shida ni kwamba atomu ikiwa peke yake haidumu. Baada ya muda mfupi inavunjika, elektroni inaponyoka, chembe inarudi kama haikuona kitu. Atomu mbili hushikana, ila dawa ya kusafishia bado haizitambui. Zikifika kama nne, ndipo dawa inaigeuza chembe nzima, yenye mabilioni ya atomu, kuwa fedha nyeusi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mchana fotoni zinamiminika kama mvua ya Aprili, kwa hiyo atomu ya kwanza inapata wenzake papo hapo. Usiku ni matone ya paa linalovuja: la pili linafika, la kwanza limeshakauka. Ndiyo sababu kanuni ya Bunsen na Roscoe ya mwaka 1862, kwamba mwanga mara muda ndiyo hesabu yote, inavunjika gizani. Aliyeipima hitilafu hiyo kwa makini ni mwanafalaki Karl Schwarzschild, alipokuwa Vienna akipima mng'ao wa nyota kwenye bamba za picha, mwishoni mwa miaka ya 1890.

Kile kidoa cha salfa nacho kina hadithi yake. Jelatini hupikwa kutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe, na zamani viwanda vilishangaa kwa nini jelatini moja inatoa filamu kali na nyingine butu. Miaka ya 1920 Samuel Sheppard wa Kodak aligundua sababu: salfa iliyotoka kwenye mimea ya jamii ya haradali ambayo ng'ombe walikula. Malisho ya ng'ombe yaliamua ukali wa filamu!

Hatua ya 2: jionee mwenyewe nyumbani

Usiende ziwani kabla ya kufanya jaribio hili; linakula fremu tatu tu. Tundika kitenge chenye rangi nzito ukutani. Washa balbu ya betri, si ya umeme wa mjini unaopanda na kushuka. Isogeze mbali hadi kipimo kisome nusu sekunde kwa f/2.

Fremu ya kwanza: f/2, nusu sekunde. Ya pili: f/16, tundu dogo zaidi, sekunde 32. Kwa hesabu ya karatasi, mwanga ulioingia ni uleule. Ya tatu: f/16, sekunde 94.

Ukisafisha, weka ya kwanza na ya pili juu ya dirisha. Maua meusi ya kitenge unayoyaona kwenye ya kwanza yamefutika kwenye ya pili. Ya tatu yanarudi.

Hatua ya 3: fanya hesabu

Natumia Ilford HP5 Plus, filamu ya ISO 400 ya picha nyeusi na nyeupe. Mwenye kiwanda anasema: muda uliopimwa ukizidi sekunde moja, upandishe kwa kipeo cha 1.31. Kikokotoo cha simu kinatosha. Sekunde 4 zinakuwa 6, sekunde 8 zinakuwa 15, 15 zinakuwa 35, 30 zinakuwa 86, na dakika moja inakuwa zaidi ya tatu na nusu. FP4 Plus, filamu nyingine ya Ilford, ni 1.26. Filamu za kampuni nyingine zina majedwali yao. Usizilazimishie namba hizi.

Hatua ya 4: ziwani

Chagua usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi wengi wanabaki nyumbani. Kamera iwe na B (inayoiacha lenzi wazi kwa muda unaotaka), mguu wa kamera uwe mzito (mimi naning'iniza mfuko wa mawe katikati), na utumie kebo ya kubonyezea yenye kufunga. Pima kwenye ukuta wa nyumba au mteremko wenye mwanga kidogo, kamwe usipime taa zenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mitumbwi ile mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inaposafiri, wanaimba wakipiga makasia, na taa inapita juu ya filamu: kila nukta inapata mwanga kufumba na kufumbua, kisha taa imeshaondoka. Kuongeza muda kunarefusha mstari, hakuung'arishi. Ung'avu wa mstari unaamuliwa na tundu la lenzi. Kwa hiyo chagua tundu kwa ajili ya taa, halafu muda kwa ajili ya milima. Kwangu f/8 na sekunde 86 ndiyo naanzia. Fremu inayofuata naiongeza mara mbili, kama sekunde 170, kwa usalama.

Wakishasimama na kungoja samaki, taa inabaki mahali pamoja na kuchoma filamu vibaya. Mimi napenda saa ile ya kutoka, sauti zinapofika hadi nchi kavu.

Hatua ya 5: safisha kwa muda mfupi zaidi

Taa hazikusahauliwa hata kidogo, milima imesahauliwa sana. Ukiongeza muda kwa ajili ya milima, taa zinazidi kiasi, na picha inakuwa nyeusi na nyeupe bila kati. Dawa ndiyo inayotuliza. Kwa dawa ya D-76, sehemu moja kwa sehemu moja ya maji, nyuzi 20, HP5 Plus ni dakika 11. Mimi naishia 10, na kama taa ni nyingi, 9 na nusu. Maji ya Bukavu usiku yanaweza kushuka chini ya 20, basi weka chupa ya dawa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na upime kabla ya kumwaga.

Filamu ikikauka, angalia kwanza mteremko wa giza, si taa. Ukiona mistari ya mabati ya nyumba hata kwa shida, muda ulitosha. Usipoiona, kipeo chako kipandishe hadi 1.35, uandike kwenye daftari, urudi usiku mwingine wa giza.